Skuli Iliyosikiliza Bahari

Ni wangapi kati yetu waliopita mbele ya Skuli ya Allidina Visram hapa Mombasa bila kujua kwamba kuta zake ziliwahi kuwa masikio ya vita? Wengine wetu tumesoma humo, wengine tumewapeleka watoto wetu. Twaijua skuli hiyo kwa jina la mfanyabiashara wa jamii ya Ismailia aliyetoka Kutch, India, akasambaza maduka yake kutoka pwani hadi Uganda. Lakini sura yake ya mwaka 1942 haisimuliwi sana majumbani mwetu.

Mwaka huo Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimeukaribia mlango wetu. Singapore ilianguka mwezi wa Februari, na tarehe 5 Aprili ndege za Wajapani zikaushambulia mji wa Colombo. Manowari za Waingereza zikarudi nyuma hadi bandari ya Kilindini. Pamoja nazo ikaja ofisi ya siri, iliyokwisha kuhama kutoka Hong Kong hadi Singapore, kisha Colombo. Ofisi hiyo ikawekwa katika majengo ya skuli yetu, yanayotazama Bahari ya Hindi.

Kazi yake ilikuwa kusikiliza. Meli na kambi za Wajapani ziliwasiliana kwa redio, na mawimbi ya redio hayana mpaka: mwenye mtambo mzuri huyanasa hata akiwa mbali. Lakini kilichosikika hakikuwa maneno. Zilikuwa ni alama zilizofumbwa, zikiandikwa karatasi baada ya karatasi, kisha wataalamu wakakaa kuzilinganisha, wakitafuta zinapojirudia. Tena Mombasa ilikuwa mbali mno na Wajapani, na mara nyingi sauti zilifika hafifu.

Msimbo mmoja uliowasumbua ni ule wa meli za mizigo, ambao Waingereza na Wamarekani waliuita JN-40. Mwezi wa Septemba 1942 mlango ukafunguka, na aliyeufungua alikuwa Mjapani mwenyewe. Mtu mmoja alituma ujumbe wa meli akasahau kutaja mahali meli ilipo. Badala ya kutuma nyongeza peke yake, aliufumba upya ujumbe wote kwa ufunguo ule ule, safari hii akiongeza alichosahau, akautuma tena. John MacInnes na Brian Townend, waliokuwa wakifanya kazi hapa, wakaziweka jumbe mbili hizo ubavu kwa ubavu. Tofauti ndogo iliyokuwa baina yao ikawaonyesha jinsi fumbo lilivyoshonwa. Kufikia Novemba waliweza kusoma jumbe zote za nyuma, na kila mpya ilipoingia.

Tusilisimulie jambo hili kama hadithi ya ushindi tu. Kila ujumbe uliofumbuliwa ulitaja meli, na ndani ya meli mlikuwa na mabaharia wenye wake na watoto wanaowangojea. Meli iliyojulikana iendako iliweza kuviziwa na kuzamishwa. Watu wa pwani, ambao baharini ndiko riziki yetu, twaujua uzito wa chombo kisichorudi.

Mwaka 1943 ofisi ikarejea Colombo. Madarasa yakarudi kuwa madarasa, na waliofanya kazi humo wakafunga vinywa vyao kwa miongo mingi.

Sisi katika familia zetu tuna la kuchukua hapa. Dini yetu imetukataza kupelelezana na kutafutana aibu, nasi hukumbushana hilo mara kwa mara. Lakini upande wa pili wa amri hiyo twausahau: siri ni amana, na mwenye kuilinda kwanza ni mwenyewe. Yule mtumaji hakuibiwa. Haraka yake ndiyo iliyotoa ufunguo. Leo kila mmoja nyumbani ana mtambo wa redio mfukoni, na mambo ya ndoa, ya ugonjwa na ya mirathi yanarushwa kwa kidole kimoja kabla ya kusomwa mara ya pili.

Waliokuwa watoto mwaka 1942 sasa wamepita umri wa miaka 80. Kama nyumbani kwenu yuko babu au bibi wa umri huo, kaeni naye jioni moja pamoja na wajukuu, mumuulize Mombasa ya vita ilikuwaje. Waliosikiliza katika skuli ile walivuka bahari kuja kuzisikia sauti za mbali. Sisi sauti tunazozihitaji zimo humu humu ndani, na hazitangoja milele.