Spana Ndefu na Nati Iliyokaza

Malori yatokayo bandari ya Dar es Salaam kuelekea Zambia na Rwanda hupita Kibamba, katika Barabara ya Morogoro. Tairi lipasukapo hapo, utingo hutia spana kwenye nati ya gurudumu na kuikanyaga. Nati ikikataa, huchomeka bomba la chuma kwenye mpini wa spana, akakanyaga mwisho wa bomba. Nati hulia, kisha huzunguka. Mtu ni yule yule, wala uzito wake haukuongezeka. Je, kilichoongezeka ni nini?

Kilichoongezeka ni umbali. Kani ikizidishwa kwa umbali wake kutoka kitovu cha mzunguko, hupatikana momenti, yaani uwezo wa kani hiyo kuzungusha kitu. Umbali huo hupimwa kwa pembe mraba na mwelekeo wa kani. Ndiyo maana kuisukuma spana kuelekea kwenye nati hakuizungushi, hata kani iwe kubwa namna gani.

Tuseme utingo ana tungamo la kilo 60. Uzito wake ni karibu nyutoni 600. Akiikanyaga kwa uzito wake wote spana iliyolala, mita 0.3 kutoka kwenye nati, momenti ni 600 × 0.3, yaani nyutoni-mita 180. Akikanyaga bomba mita 1 kutoka kwenye nati, ni nyutoni-mita 600. Bila bomba, wangehitajika watu zaidi ya watatu wa uzito wake.

Hata hivyo, bomba halipunguzi kazi: mwisho wake hupita njia ndefu zaidi. Tena lina hatari. Likitumiwa kukazia, mkazaji hahisi kuwa amepita kiasi. Bolti huvutika kupita uwezo wake, nayo huweza kukatika safarini na gurudumu likachomoka. Nati iliyolegea huweza kuleta ajali hiyo hiyo. Kwa hiyo watengenezaji wa magari hutaja momenti ya kukazia nati, na ipo spana maalumu yenye kipimo chake.

Darasani, mwanafunzi na asukume mlango kwa kidole kimoja karibu na kitasa, kisha karibu na bawaba. Kidole chake kitamweleza kwa nini kitasa hakikuwekwa karibu na bawaba.