KOMPYUTA IKISEMA "HAKUNA", TUULIZE TENA

Siku hizi hukumu za mahakama zinawekwa kwenye kompyuta. Mahakama ya Tanzania inayo tovuti iitwayo TanzLII. Humo zimo sheria na maelfu ya hukumu, pamoja na za Mahakama Kuu Kanda ya Bukoba, inayosikiliza rufaa za kwetu Ngara na Biharamulo. Kuzisoma ni bure. Mtu mwenye kesi ya mpaka wa shamba anaweza kuona kesi kama yake iliamuliwa vipi.

Sasa, hukumu moja itapatikanaje kati ya maelfu? Tueleze.

Mtunza ghala na karani

Tuchukue mfano wa ghala lililojaa mafaili. Mtunza ghala anajua kupokea faili, kuliweka, na kulitoa ukimpa namba yake. Lakini ukimwambia, "Nataka kila faili linalotaja mgomba," itambidi afungue moja moja. Jua litazama bado anafungua.

Je, tubomoe ghala? Hapana. Tunamweka karani pembeni yake. Karani anasoma kila faili mara moja tu, anaandika daftari la maneno. Mgomba: faili namba 4, 19 na 73. Kisima: namba 8 na 19. Ukiuliza faili lenye mgomba na kisima, anatazama daftari na kusema, "Namba 19." Mtunza ghala analileta.

Wataalamu wa kompyuta hufanya hivyo hivyo. Tovuti ya zamani inabaki na data zake. Pembeni wanaweka seva ya kutafuta. Huyo ndiye karani. Programu moja inayotumika sana kwa kazi hiyo ni Elasticsearch, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2010. Daftari lake huitwa faharasa.

Mambo matatu ya kuangalia

Kwanza, daftari lifuatane na ghala. Faili jipya likiingia na karani asiambiwe, atasema "hakuna", kumbe lipo. Faili likiondolewa naye asilifute daftarini, atakutuma bure.

Pili, mlango ufungwe. Seva ya kutafuta izungumze na tovuti yake tu. Mwezi Januari 2017 wezi waliingia katika maelfu ya seva za Elasticsearch zilizoachwa wazi duniani. Walifuta data, wakadai fedha. Daftari likipotea, karani ataliandika upya kutoka ghalani. Lakini aliyekuwa na daftari peke yake, bila ghala, alipoteza vyote.

Tatu, lugha. Elasticsearch inakuja na kanuni za lugha zaidi ya 30, lakini Kiswahili hakimo. Kwa hiyo yenyewe haijui kwamba shamba na mashamba ni neno moja, wala kwamba aliuza na wameuza ni kuuza kule kule. Wataalamu hawana budi kuiongezea kanuni hizo.

Sisi tufanye nini?

Ukiambiwa, "Kompyuta haikuona kitu," usiondoke haraka. Labda hukumu ipo, ila neno lililoulizwa halimo daftarini. Mwombe anayekutafutia ajaribu tena, namna hii:

1. Abadilishe neno. Ameandika shamba? Aandike mashamba, kisha ardhi.

2. Abadilishe herufi. Kwetu r na l hubadilishana sana. Kama Rulenge haikutokea, aandike Lulenge. Jina lako nalo ajaribu kwa tahajia zote mbili.

3. Atumie na maneno ya Kiingereza, maana hukumu nyingi za Mahakama Kuu zimeandikwa kwa lugha hiyo.

4. Aandike namba ya kesi na mwaka wake. Namba haina umoja wala wingi, na haibadiliki kwa lugha.

Basi, ndugu wasomaji, karatasi yenye namba ya kesi tusiiachie mchwa wala mvua. Tuinakili kwenye daftari letu la nyumbani, na tumwonyeshe mtu mwingine wa nyumba mahali ilipo.