Gia ya Tano katika Gari la MGB

MGB ni miongoni mwa magari ya michezo yaliyopata wanunuzi wengi zaidi katika karne ya 20, kwani zaidi ya magari 500,000 ya jina hilo yaliundwa kati ya mwaka 1962 na 1980, katika kiwanda cha Abingdon nchini Uingereza, na sehemu kubwa yake ikasafirishwa kwenda Marekani. Injini yake ya silinda nne, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 1,798, ni imara na huvuta vizuri hata inapozunguka polepole, lakini giaboksi yake, yaani kasha la gia linalopokea nguvu za injini na kuzipeleka nyuma kwenye magurudumu, ilikuwa na gia nne tu za kwenda mbele. Kwa sababu hiyo, wamiliki wengi wa leo huing’oa giaboksi hiyo na kuweka mahali pake giaboksi ya gia tano iliyobuniwa miaka mingi baadaye, na inayochaguliwa mara nyingi ni ile iitwayo Type 9, ambayo Ford iliifunga katika magari yake ya Sierra na Capri.

Waliolibuni gari hili hawakufanya uzembe walipoishia kwenye gia nne. Sehemu ndefu ya kwanza ya barabara kuu ya M1 ilifunguliwa mwaka 1959 tu, na dereva Mwingereza wa wakati ule alitumia muda wake mwingi katika barabara nyembamba za mashambani, zenye kona na vilima, ambako gia ya nne ilimtosha kabisa. Katika gia hiyo, shafti inayotoka kwenye giaboksi huzunguka sawasawa na injini, kisha difu, ambayo ni seti ya gia iliyo katikati ya ekseli ya nyuma, hupunguza mwendo huo karibu mara 3.9 kabla haujafika magurudumuni, na matokeo yake ni kwamba gari likienda kilomita 110 kwa saa, injini huzunguka takriban mara 3,800 kwa dakika. Mwendo huo hauivunji injini, ila dereva anayekaa saa tatu katika barabara ya leo huzichoka kelele zake, hutumia petroli zaidi, na huzichakaza sehemu za ndani bila faida yoyote. Gia ya tano ya Type 9 ina uwiano wa 0.82, maana yake ni kwamba injini ikizunguka mara 82, shafti inayotoka huzunguka mara 100, hivyo kwa mwendo uleule wa kilomita 110 injini hupumzika hadi karibu mizunguko 3,130.

Sababu ya pili ya kubadilisha giaboksi inayahusu zaidi magari yaliyotoka kabla ya mwisho wa mwaka 1967, ambayo gia yake ya kwanza haikuwa na sinkro. Sinkro ni pete ya aloi ya shaba ambayo, kwa kusuguana na gia, huilinganisha kasi ya gia hiyo na ya shafti kabla meno hayajakutana, na pasipo pete hiyo dereva hulazimika kusubiri gari lisimame, au kukanyaga klachi mara mbili na kugusa mafuta kidogo katikati, la sivyo meno husagana. Katika foleni za mijini, ambako gari hutambaa na kusimama kila baada ya mita chache, kasoro hiyo huchosha sana.

Hata hivyo, kabla ya kutoa fedha, mmiliki anapaswa kwanza kutazama kilichomo ndani ya gari lake. MGB nyingi zilifungwa ovadraivu ya Laycock, kifaa kilichotengenezwa Sheffield na kuwekwa nyuma ya giaboksi, ambacho dereva hukiwasha kwa swichi, umeme ukafungua njia ya mafuta yenye shinikizo, na seti ya gia ndogo zinazoizunguka gia moja ya katikati ikaongeza kasi ya shafti inayotoka. Katika magari yaliyotengenezwa baada ya mwaka 1967, uwiano wa ovadraivu hiyo ni 0.82, namba ileile ya gia ya tano ya Ford, na kwa hiyo mwenye ovadraivu nzima hapunguzi hata mzunguko mmoja wa injini kwa kuweka giaboksi mpya. Jambo hili halisemwi vya kutosha, nalo ndilo linalostahili kuamua: kubadilisha giaboksi kunamfaa hasa mwenye gari lisilo na ovadraivu, kama yalivyokuwa mengi ya yale yaliyouzwa Marekani, au mwenye gari la awali lenye giaboksi iliyokwisha kabisa. Kwa wengine, kuikarabati ovadraivu ni kazi ndogo zaidi, na gari hubaki kama lilivyozaliwa.

Kazi yenyewe hudai umakini kuliko nguvu. Katika MGB, hausingi ya klachi, ambayo ni ile sehemu pana inayoifunika klachi na kuifunga giaboksi kwenye injini, ni kipande kimoja na kasha la giaboksi, ilhali ya Type 9 hufunguliwa kwa bolti, na hapo ndipo ulipo urahisi wa giaboksi hii, kwa kuwa fundi huweza kuondoa hausingi ya Ford na kufunga nyingine iliyochongwa kulingana na injini ya MGB. Hausingi hiyo mpya lazima ikae katikati ya mhimili wa krenki, yaani shafti kuu ya injini, bila kupotoka, kwa sababu upotofu wa sehemu ndogo ya milimita, usioonekana kwa macho, hutosha kuifanya shafti izunguke ikiwa imelazimishwa upande, ikaua beringi na bushi ya mwisho wa krenki katika muda mfupi. Fundi mwaminifu hupima mhimili huo kwa kipimo chenye sindano kama ya saa kilichoshikizwa kwenye flaiwili, yaani gurudumu zito la nyuma ya injini, kabla ya kukaza bolti ya mwisho, na asiyepima hajafanya kazi hiyo.

Baada ya hapo huja mambo mengine yanayotegemeana. Klachi pleti lazima iwe na meno ya katikati yanayoingia kwenye shafti ya Ford huku kipenyo chake kikiifaa flaiwili ya MGB. Klachi ya Sierra huvutwa kwa kebo na ya MGB husukumwa kwa mafuta, hivyo mfumo wa kuiachia hubuniwa upya. Propela, yaani shafti ndefu inayotoka kwenye giaboksi hadi kwenye difu, hukatwa au hutengenezwa nyingine ya urefu unaofaa, kisha husawazishwa. Na kebo ya spidomita hurekebishwa ili sindano isidanganye. Injini na giaboksi ya MGB hutolewa pamoja, kwa hiyo ni busara kukagua sili ya mafuta ya nyuma ya injini wakati huohuo.

Type 9 nayo ina udhaifu wake. Ford iliipata kwa kuongeza gia ya tano nyuma ya kasha la giaboksi ya gia nne, mahali ambapo oili hufika kwa shida, na kwa kuwa Sierra iliacha kutengenezwa mwaka 1993, nyingi kati ya giaboksi hizo zinazopatikana leo zimeshazeeka na zinapaswa kufunguliwa na kukaguliwa kabla ya kufungwa garini. Baadhi ya wamiliki huchagua ile ya Mazda MX-5, ambayo hubadilisha gia kwa wepesi zaidi.

Mafundi wa Afrika Mashariki, waliozoea kuweka injini za Toyota ndani ya Land Rover kuukuu, hawatashangazwa na kazi hii, ingawa wao husukumwa na haja ya gari kutembea kesho, na hukata chuma pale panapobidi. MGB ni urithi wa uhandisi, na bodi yake haistahili kukatwa: seti nzuri ya kubadilishia hutumia matundu ya bolti yaliyokuwapo tangu kiwandani. Giaboksi ya asili, pamoja na propela yake, hufungwa vizuri na kuhifadhiwa ikiwa na mafuta ndani, kwa kuwa mnunuzi wa baadaye anaweza kuitaka, na gari linaloweza kurudishwa katika hali yake ya mwanzo hubaki na uhuru ambao lililokatwa limeupoteza.