Nikeli ya Musongati na betri mpya: msafirishaji ajipange vipi?

Na Mwandishi Wetu, Bujumbura

Mwezi Agosti 2025 liliwekwa jiwe la msingi la reli ya kutoka Uvinza, Tanzania, hadi Musongati, kusini-mashariki mwa Burundi. Reli hiyo ina urefu wa kilometa 282 na gharama yake inapita dola bilioni 2 za Marekani. Tangu hapo, wenye malori wanauliza: nikeli ya Musongati itatuletea mzigo au itatunyang'anya?

Kabla ya swali hilo kuna jingine: je, viwanda vya dunia vitaendelea kuihitaji nikeli hiyo kwa bei nzuri?

Hazina ya zamani

Nikeli ya Musongati iligunduliwa miaka ya 1970. Oktoba 2014 Rais Pierre Nkurunziza alizindua mradi wa kuichimba, lakini miaka kumi baadaye usafirishaji mkubwa ulikuwa bado haujaanza. Ng'ambo ya mpaka, wilayani Ngara, kuna nikeli ya Kabanga, nayo imesubiri kwa muda mrefu.

Sehemu kubwa ya nikeli duniani, kama theluthi mbili, hutengeneza chuma kisichoshika kutu: masufuria, matangi, vifaa vya hospitali. Betri za magari ya umeme zinachukua sehemu ndogo, ila ndizo zilizoleta matumaini makubwa.

Bei ikipanda, mbadala hutafutwa

Mwaka 2007 bei ya nikeli ilipita dola 50,000 kwa tani. Viwanda havikukaa kimya. Vingine viliongeza manganizi katika chuma ili kupunguza nikeli. China nayo ikapanua uyeyushaji wa mawe hafifu kupata chuma ghafi chenye nikeli. Bei ikaanguka.

Machi 2022 hali ilijirudia. Bei ilipita dola 100,000 kwa muda mfupi, na Soko la Metali la London likasimamisha biashara. Safari hii mbadala ulikuwa tayari: betri za LFP, zinazotumia litiamu, chuma na fosfeti, bila nikeli wala kobalti. Tesla ilitangaza Oktoba 2021 kuzitumia katika magari yake ya bei nafuu, na BYD ya China imezitegemea. Kufikia mwaka 2024 zilikuwa karibu nusu ya soko la betri za magari ya umeme duniani.

Wakati huohuo Indonesia, iliyozuia kuuza nje mawe ghafi tangu Januari 2020, imejenga viwanda vingi na sasa inatoa zaidi ya nusu ya nikeli ya dunia. Kampuni kubwa ya BHP ilisimamisha shughuli zake za nikeli Australia mwaka 2024, na mwaka 2025 ikauza hisa zake katika mradi wa Kabanga.

Je, ndiyo mwisho wa nikeli? Hapana. Tuangalie madini ya fedha. Filamu za picha zilipoondolewa na kamera za dijiti, fedha ilipoteza mnunuzi mkubwa. Baadaye paneli za sola zikaihitaji, na mwaka 2025 bei ikapita dola 50 kwa aunsi. Sasa watengenezaji wa paneli nao wanajaribu shaba badala ya fedha. Kila bei kubwa hubeba mbegu ya kushuka kwake.

Hesabu ya lori moja

Chukua lori la tani 30 za mawe yenye nikeli asilimia 1.5. Ndani yake mna kilo 450 tu za nikeli. Kwa dola 15,000 kwa tani, bei iliyokaribiana na wastani wa 2025, nikeli hiyo ni dola 6,750. Kwa bei ya 2007 ingefika dola 22,500. Na hapo hujaondoa gharama za kuchimba, kusafisha na kulipa ushuru, wala nauli hadi Dar es Salaam.

Ndiyo maana mawe ghafi hayawezi kutegemea barabara. Yatahitaji reli, au kiwanda hapahapa. Kiwanda kinataka umeme mwingi, na bwawa la Rusumo lenye megawati 80 linagawanywa kati ya Burundi, Rwanda na Tanzania.

Tufanye nini?

Kwanza, usikope kununua malori kwa ahadi ya nikeli peke yake. Mkopo una tarehe ya kulipa, mgodi hauna.

Pili, ukipewa mkataba wa kubeba madini, uliza nauli inafuata nini. Ikifuata bei ya London, hasara ya soko itakuwa yako pia.

Tatu, angalia mizigo inayozunguka reli: saruji, mafuta, mbolea, vyakula vya wafanyakazi, na kahawa na chai zinazotoka. Treni haifiki dukani wala shambani. Kutoka stesheni hadi huko bado ni kazi ya lori, bei ya nikeli iwe juu au chini.