Kweli au Uongo: Mtetea, Jogoo na Homoni Zao

Kwa Mathias, pale Kibaha, mwenye kiwanja kidogo tu hakosi banda la kuku, na duka la dawa za mifugo haliishi mabishano. Mmoja kaja kununua chanjo, wa pili anamkosoa, wa tatu anasimulia kuku wa bibi yake wa Kisarawe. Mengi yanayobishaniwa ni mambo ya ndani ya banda: nani ampande nani, nani alee, na kwa nini huyu analalia mayai na yule hana habari.

"Bila jogoo, kuku hatagi."

Uongo. Mtetea hutaga kwa homoni zake mwenyewe, zikisukumwa na urefu wa mwanga wa siku. Jogoo analeta mbegu tu. Kuku wengi wanaojaza trei za mayai madukani hawajawahi kumwona jogoo.

"Jogoo akichinjwa leo, mayai ya wiki ijayo bado yatatoa vifaranga."

Kweli. Ndani ya njia ya mayai mtetea ana vijifuko vidogo sana vinavyotunza mbegu hai kwa wiki mbili hivi. Na asidhani mtu kwamba mtetea anapokea kila anacholetewa. Mwaka 2000 Tommaso Pizzari na Tim Birkhead walichapisha utafiti juu ya kuku walioachwa waishi huru: watetea waliopandwa kwa nguvu na majogoo wa daraja la chini walikuwa wakizitema mbegu zao papo hapo. Jogoo mwenye akili humwita mtetea kwa punje: anaidonoa, anaiachia, anaidonoa tena huku akilia kwa sauti fupifupi, na yeye haili.

"Kuku wa mayai wamesahau kuatamia kwa sababu ya chakula cha dukani."

Uongo, ingawa naelewa unakotoka. Mchukue kuku wa kienyeji umlishe chakula cha kuku wa mayai mwaka mzima, bado ataatamia. Mpe yule wa kisasa pumba na umwachie uwanja achakure, bado atataga, atashuka na kwenda zake.

Tazama kinachompata wa kienyeji. Akishataga kumi na kitu, manyoya ya kifuani yanapungua, ngozi yenye joto inagusana na mayai. Mguso huo unapeleka habari kwenye ubongo, na tezi ya pituitari inamwaga homoni iitwayo prolaktini. Prolaktini inamkalisha kiotani na wakati huohuo inazima homoni za kutaga, hata ovari inasinyaa. Kwa siku 21 anakula kidogo sana. Anashuka mara moja kwa siku, anadonoa na kunywa mbiombio, anatoa kinyesi kimoja kikubwa chenye harufu ya kukimbiza watu, anarudi. Ukipeleka mkono, anajituna na kukudonoa.

Kwa babu zao, kuku wa porini wa Asia ya kusini-mashariki, asiyekaa hivyo hakuacha uzao. Binadamu akaigeuza hesabu hiyo. Kuku anayeatamia hatagi, na anayetaka kuuza mayai anamwona amempa hasara. Kizazi baada ya kizazi, wafugaji wa Ulaya na Marekani waliwabakiza wale wasiopenda kulalia, hadi wakapatikana kuku wanaotaga karibu mayai 300 kwa mwaka na kuwaachia wengine kazi ya umama. Ndiyo maana mayai yanayonunuliwa ili yatotoleshwe huwekwa mashineni, au chini ya mtetea wa kienyeji, ambaye hata ukimwekea ya bata atayalalia na atawalea.

"Kuku wa nyama wanapigwa homoni, haiwezekani akue wiki tano."

Uongo. Homoni ya ukuaji ni protini. Ukimlisha kuku, tumbo linaisaga kama linavyosaga soya. Ya sindano ingetakiwa mara kwa mara, kuku mmoja mmoja, na hakuna mfugaji wa banda la kuku 500 anayeimudu gharama hiyo. Kinachoonekana kikitiwa kwenye maji ya kunywa mara nyingi ni chanjo, kama ile ya kideri, ambayo hutengenezwa hapahapa Kibaha. Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, kililea pamoja koo tatu za kuku kwa chakula kilekile na kutoa matokeo mwaka 2014. Siku ya 56, ukoo wa mwaka 1957 ulikuwa na gramu 905, ule wa 2005 gramu 4,202. Ni uteuzi wa mbegu tu. Wa kuuliza kwa wasiwasi aulizie antibayotiki, na kama muuzaji alisubiri siku zilizoandikwa kwenye chupa kabla ya kuchinja.

"Kuku aliyeng'ang'ania kiota, mtumbukize kwenye maji."

Nusu kweli. Maji yanapoza kifua, lakini akirudi kwenye kiota na mayai yake, mguso unaanza upya na prolaktini inapanda. Dawa ni kumnyima kiota: mweke siku chache kwenye kizimba chenye sakafu ya wavu, chakula na maji vya kutosha. Homoni inashuka haraka, kutaga kunarudi baadaye. Kumwogesha ni kumtesa bure.

"Ndege dume hanyonyeshi."

Hapa njiwa wanaaibisha wabishi. Makinda ya njiwa huanguliwa vipofu, karibu uchi, na wazazi wote wawili huwatapishia uji mzito wenye mafuta na protini unaotengenezwa na kuta za gole. Kinachouchochea ni prolaktini ileile ya mtetea, na ilikuwa kwenye gole la njiwa, mwanzoni mwa miaka ya 1930, Oscar Riddle na wenzake walipoitambua na kuipa jina. Baba njiwa hulalia mayai mchana, mama usiku. Jogoo hana haja hiyo: kifaranga cha kuku hutoka yaini ana manyoya, anaona, anakimbia, na mama mmoja anatosha.

"Dume na jike wakikaa pamoja maisha yote, basi wanalea pamoja."

Uongo, na shahidi yuko jirani. Kwenye msitu wa Pugu, Kisarawe, anaishi mnyama mdogo aitwaye sange, mweusi mwenye rangi ya kutu na pua ndefu. Ndugu yake wa pwani ya Kenya, sange mwenye makalio ya dhahabu, alichunguzwa na Galen Rathbun huko Gedi. Dume na jike wanagawana eneo moja miaka yote. Jike anawafukuza majike wageni, dume anawafukuza madume. Lakini muda mwingi kila mmoja anatafuta wadudu wake, na kitoto, kwa kawaida kimoja tu, ni kazi ya mama. Baba analinda mpaka.