Pikipiki Kuukuu za Karagwe na Kyerwa: Injini Isubiri Zamu Yake

Katika stoo za ofisi za kilimo, za vyama vya msingi vya kahawa, za sharika na vigango vya wilaya za Karagwe na Kyerwa mkoani Kagera, na nyuma ya nyumba za maofisa waliostaafu, bado zipo pikipiki za Kijapani zilizofanya kazi ya miaka ya 1980 na 1990: Honda XL 125, Yamaha DT 125, Yamaha AG 100, Suzuki TF 125. Kabla bodaboda za Kichina na za Kihindi hazijajaa katika vijiwe vya Omurushaka na Nkwenda, hizi ndizo zilizomfikisha bwana shamba kwenye mibuni na mhudumu wa afya kwenye zahanati ya mbali. Mashirika ya misaada yaliyofika mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipomiminika Ngara na Karagwe, nayo yalizitegemea za aina hiyohiyo. Zilitengenezwa kwa safari ndefu za njia mbovu, na nyingi zililazwa kwa sababu ya hitilafu ndogo tu, kwa kuwa hapakuwa na bajeti ya spea. Anayeitazama leo anaona fremu ya chuma iliyo imara na anashawishika kuirudisha barabarani. Nia hiyo naiunga mkono. Ninachopinga ni mahali ambapo watu wengi wanaanzia.

Karibu kila anayefufua pikipiki anaanza na injini. Ananunua plagi mpya, anamwaga petroli safi, anasafisha kabureta, anapiga kiki mpaka iitike. Ikiunguruma tu, waliosimama karibu wanashangilia na pikipiki inahesabiwa kuwa imepona. Jioni hiyohiyo inateremka kilima. Nasema mpango huo umepinduliwa. Katika wilaya hizi mbili, pikipiki iliyolala kwa miaka inapaswa kwanza ithibitishwe kwamba inaweza kusimama, kwamba inashika njia, na kwamba ina mmiliki anayetambulika kisheria. Fedha za injini zitoke baada ya hapo.

Sababu yangu ya kwanza ni nchi yenyewe. Sehemu kubwa ya Karagwe na Kyerwa ni migongo mirefu ya milima, mingi ikiwa juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na kati ya mgongo mmoja na mwingine kuna bonde. Anayetoka Nkwenda kwenda Kaisho na Murongo, au Kayanga kwenda Nyaishozi, anapanda na kuteremka karibu njia nzima, mara nyingi akiwa na mkungu wa ndizi au gunia la maharage nyuma yake. Injini ikishindwa mpandoni, atashuka aisukume. Breki ikishindwa mteremkoni, kwenye udongo mwekundu uliolowa mvua ya masika, hana cha kufanya. Lami nayo imebadili mambo. Tangu ifike Bugene kutoka Kyaka, takriban kilomita 59, malori na mabasi yanakwenda kwa mwendo ambao barabara ya zamani ya vumbi haikuuruhusu. Pikipiki iliyolazwa kabla ya lami inaamka kwenye barabara nyingine kabisa, yenye magari yasiyoisubiri.

Breki za pikipiki hizi nyingi ni za ndani ya habu, na ubovu wake hauonekani kwa kutazama nje. Lainingi imegandishwa kwenye breki shuu kwa gundi. Kwa miaka ya unyevu na ukavu vinavyopishana, kutu hutambaa chini ya gundi hiyo na kuiachisha polepole. Fundi akifungua na kuona lainingi bado nene, anaridhika na kufunga. Hapo ndipo penye hatari, kwa sababu unene hauelezi chochote kuhusu gundi. Mpanda pikipiki akikanyaga breki kwa nguvu, lainingi inaweza kubanduka nzima na kujikunja ndani ya habu, gurudumu likagoma ghafla. Dawa yake ni nyepesi: breki shuu mpya zenye kipenyo kilekile, habu isafishwe kutu, na waya wa breki ubadilishwe hata kama unateleza, maana kutu ya waya huanzia ndani ya mpira ambako jicho halifiki. Gharama ya vitu hivyo vyote ni ndogo kuliko ya kufungua injini mara moja.

Matairi ni mtego wa pili. Tairi lililokaa gizani linaweza kuwa na kashata nzuri kuliko la bodaboda inayofanya kazi kila siku, na bado likawa bovu. Mpira hukakamaa kwa umri. Ubavuni mwa tairi lolote lililotengenezwa kuanzia mwaka 2000 kuna tarakimu nne za tarehe: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Lenye 1208 lilitoka kiwandani wiki ya 12 ya mwaka 2008. Lenye tarakimu tatu tu ni la kabla ya mwaka 2000, na hilo halifai hata kujaribiwa. Tatizo la kweli kwa mtu wa Kyerwa ni vipimo. Bodaboda nyingi zina rimu za inchi 17 au 18, na hayo ndiyo matairi yaliyojaa madukani. Honda XL ina gurudumu la mbele la inchi 21. Tairi lake huenda likatafutwa Bukoba, Mwanza au ng'ambo ya mto Kagera, Mbarara nchini Uganda. Ni bora kulijua hilo kabla hujatoa shilingi moja kwa ajili ya pistoni. Spoku zigongwe moja moja kwa spana, na inayotoa sauti ya kufa ikazwe au ibadilishwe. Beringi za magurudumu na za shingo ya usukani zifunguliwe, kwa kuwa grisi ya miaka mingi hugeuka kuwa kitu kigumu kama sabuni iliyokauka. Shokapu za mbele zikivuja, oili yake huweza kufika kwenye breki na kuharibu kazi yote iliyotangulia.

Mafundi wazoefu watanipinga hapa, na pingamizi lao lina uzito. Watasema: kwa nini ninunue tairi na breki za pikipiki ambayo injini yake huenda imekufa? Hizo si fedha za kutupa? Jibu langu ni kwamba kupima injini na kuigharamia injini ni mambo mawili tofauti. Kupima hakuhitaji hata petroli. Toa plagi, mimina oili kidogo ndani ya silinda, iache usiku kucha, kisha sukuma kiki kwa mkono, taratibu. Ikikataa, usiilazimishe, maana ringi zilizoshikwa na kutu huvunjika na kuchana silinda. Ikizunguka, ziba tundu la plagi kwa kidole gumba na uisukume tena. Mgandamizo mzuri utakibandua kidole. Sikiliza kama kuna mgongano chini, kwenye beringi za krankshafti, kwa sababu hiyo ndiyo spea ghali na adimu kuliko zote. Hapo umeshapata hukumu. Ikiwa sehemu hiyo imekufa na hujaona pa kuipata, simama, muuzie mwingine mwenye spea. Ikiwa ni nzima, iache injini ilivyo uende kwenye breki.

Tena kuna madhara ya kuwahi kuiwasha. Chujio la hewa la pikipiki hizi ni sponji, na sponji ya zamani husagika kuwa unga. Kiki ya kwanza inauvuta unga huo, pamoja na kutu ya tangi, mpaka ndani ya kabureta na silinda. Kwa mngurumo wa dakika tano, injini iliyohifadhika miaka ishirini inaanza kulika. Tangi lioshwe kwanza, sponji mpya ikatwe na kulowekwa oili, nyaya zikaguliwe kwa sababu panya wa stoo hupenda plastiki yake. Honda XL za mwanzo zina umeme wa volti 6. Ukiziwekea balbu za volti 12 za dukani, taa itawaka hafifu, na njia za Mabira usiku hazina taa nyingine.

Iko pia hoja ya mwinuko. Hewa ya mita 1,600 ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu asilimia 15, kwa hiyo kabureta iliyorekebishwa pwani hutoa petroli nyingi kupita kiasi huku juu, plagi ikajaa masizi na nguvu ikapungua. Fundi asiyelijua hilo huilaumu pistoni. Injini za mapigo mawili kama ya AG 100 zina jambo lao jingine. Oili inayozilainisha huingia kwa kufuata mkono wa mafuta. Ukiteremka mteremko mrefu ukiwa umefunga mafuta kabisa, injini inazunguka kwa kasi huku ikipata oili kidogo. Fungua mafuta kidogo kila baada ya muda. Na kwa kuwa injini hizo husaidia breki kwa unyonge tu, breki shuu ndizo zinazobeba mzigo, na tunarudi palepale nilipoanzia.

Wengine hawatabishana kuhusu mpangilio. Watasema kazi yote haina maana. Bodaboda mpya kama Boxer ipo, spea zake ziko kila senta, na kila kijana wa gereji anaijua. Kwa mwenye fedha za kuinunua anayetaka kubeba abiria kuanzia asubuhi hadi usiku, wana haki, na nisingemshauri aguse AG 100. Moshi wa injini za mapigo mawili nao ni kasoro ya kweli. Penye uchaguzi, nitachukua XL. Lakini ubora wa bodaboda za leo haukutoka hewani. Zile za Kichina nyingi zina injini za ukoo wa Honda CG 125, iliyotoka mwaka 1976 baada ya Honda kuona kwamba katika nchi nyingi pikipiki zao zinabebeshwa mizigo mizito na kubadilishwa oili kwa nadra. Wakabuni injini inayovumilia hali hiyo. Maana yake ni kwamba fundi wa Omurushaka aliyezoea CG hayuko mbali na Honda ya zamani: plagi, waya wa klachi, hata cheni na beringi kadhaa zinaweza kulingana akipima vizuri. Kwa bwana shamba, katekista au mkulima anayesafiri peke yake kwenye njia ya mawe, urefu wa shokapu za XL ni faida ambayo Boxer haina, na cheni iliyofunikwa ya AG haiguswi na vumbi jekundu.

Na ni vema kukumbuka kwa nini pikipiki za stoo zilikufa. Mwaka 1988 mshindani wa mbio za pikipiki Randy Mamola na mwandishi Barry Coleman walikwenda Somalia wakakuta pikipiki za afya zimelazwa zikiwa bado changa, kwa kukosa matunzo madogo. Kutokana na safari hiyo lilizaliwa shirika la Riders for Health, ambalo katika nchi kama Gambia na Lesotho lilibadilisha sehemu kabla hazijavunjika na kuziendesha pikipiki kwa miaka kwenye njia mbovu. Stoo za kwetu zimejaa ushahidi wa jambo hilohilo.

Limebaki suala la kadi ya usajili, ambalo kwa haki ningeliweka mbele ya breki. Pikipiki nyingi za stoo zina namba za STK (serikali kuu), SM (serikali za mitaa), SU (mashirika ya umma) au DFP (miradi ya wafadhili). Kama ilikuwa ya serikali, inauzwa kwa mnada halali wenye nyaraka. Barua ya bosi aliyestaafu haitoshi. Ya DFP iliingia nchini kwa msamaha wa kodi, na ikihamia kwa mtu asiye na msamaha, kodi inadaiwa. Habari njema ni kwamba bajeti ya 2017/18 ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya vyombo vya moto na kusamehe madeni ya nyuma, hivyo miaka ya kulala haikuzalishii deni hilo. Bima ya mtu wa tatu na leseni ya udereva wa pikipiki bado ni lazima. Kwa hiyo, kabla hujampa mtu hata malipo ya awali, sugua kutu kwenye shingo ya fremu, soma namba ya chesisi, soma na ya injini, uende nazo ofisi ya TRA. Zisipolingana na kadi, usinunue, hata kama injini inawaka kwa kiki moja.