Walimtema tena na tena, akaja kuwa mlinzi bora wa ligi

Wauzaji wenzangu, kama mwezi huu oda hazisogei, msikie James Harrison, mlinzi wa futiboli ya Kimarekani, ile ya helmeti. Mwaka 2002 timu zote zilimpita kwenye kuchagua wachezaji wapya. Pittsburgh Steelers wakamchukua, wakamwacha, wakamrudisha, wakamwacha tena. Ravens nao wakampeleka Ujerumani kucheza, kisha wakamtema. 2004 alirudi Steelers kwa sababu tu mwenzake aliumia. Namba ya kudumu? Mpaka 2007. (Mimi miezi mitatu tu bila mteja nilitaka kuuza rafu za duka.) 2008 akawa mlinzi bora wa ligi nzima. Fainali, Februari 2009, aliukamata mpira mlangoni kwao, akakimbia yadi 100 mpaka kufunga, akalala pale chini hoi. Walishinda 27-23.